Mvinyo wa Baada ya Mechi

Ile chupa Len Facey aliinunua mwenyewe. Klabu ya Ackersley ilikuwa na mvinyo wake kule juu kwa wakurugenzi, lakini wa kumkaribishia kocha mgeni hununuliwa na kocha mwenyeji, na Len hakutaka mtu aje kusema kesho kwamba kocha wa muda hajui desturi.

Kwa makocha wa Uingereza desturi hiyo ni kama sala. Mnaweza kutukanana pale kando ya mstari mpaka refa awatoe wote wawili, lakini mechi ikiisha aliyecheza ugenini atapanda ofisini kwa mwenyeji, atamiminiwa glasi, na watakaa kidogo kama watu. Anayeanza kuongea mechi ya leo ni mshamba. Unaanza na watoto, magoti na nani kafukuzwa wapi.

Len aliijua vizuri desturi hiyo kwa sababu hii ilikuwa mara yake ya nne kuwa kocha wa muda. Kocha akifukuzwa, Len huitwa. Len akishaituliza timu, huletwa kocha mwingine, na Len hurudi kupanga koni na kubeba fulana za mazoezi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye alishaivaa katika klabu nne. Ile mara ya kwanza kabisa, kocha mgeni alichungulia mlangoni, akamwona mtu mweusi mwenye trakisuti amekaa kwenye kiti, akauliza, "Kaka, bosi yuko wapi?" Len akamjibu, "Bosi ndiye huyu anakumiminia." Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Mpaka leo wakikutana humkumbusha Len kisa hicho, kana kwamba ni mzaha walioutunga pamoja.

Safari hii aliamini mambo yatakuwa tofauti. Timu aliikuta mkiani, vijana hawatazamani usoni, na sasa ilikuwa inashinda. Jumanne alikuwa ameitwa kuhojiwa kwa kazi ya kudumu. Mwenyekiti Keith Tattersall, muuza vigae vya bafuni, alikaa katikati ya wenzake wawili. Len alikwenda na kompyuta yake yenye mipango yote: jinsi timu itakavyozuia, wachezaji wa kununua, vijana wa akademi wa kupandishwa. Hakuna aliyemwomba aifungue.

"Hiyo tunaijua, Len, tunaijua," Tattersall alisema. "Tuambie utawapandishaje mori vijana. Wewe ni mtu wa hamasa."

Hamasa. Neno hilo lilimkwama Len kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu yeye si mtu wa kelele. Huongea taratibu, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo wachezaji hulazimika kunyamaza ili wamsikie. Lakini alishalizoea. Enzi zake za kucheza, watangazaji wa redio walikuwa wakisema, "Facey! Nguvu na kasi!" Kasi ipi? Len alikuwa mzito. Mama yake mwenyewe alimwacha nyuma wakienda kanisani. Alicheza beki wa kati miaka yote ile kwa sababu aliuona mpira utakapokwenda kabla haujapigwa, akatangulia kwa miguu yake hiyo mizito na kuusubiri. Redio haikuwa na neno la kumwelezea mtu mweusi wa namna hiyo.

Na leo alikuwa ameshinda tatu bila. Aliwaagiza vijana wamwachie mpira beki wa kulia wa wageni, makusudi, wamwonyeshe kama vile wamemsahau. Beki huyo hajui kutumia mguu wa kushoto. Kila alipoupata alizingirwa, na mabao yote matatu yakazaliwa hapo.

Kocha wa wageni alikuwa Ian Hepworth. Walicheza wote miaka minane, bega kwa bega, mabeki wa kati wa timu moja. Ian ndiye aliyekuwa msimamizi wa Len kwenye harusi yake, na ndoa ilipovunjika Ian ndiye aliyekuja na gari kumhamishia vitanda. Kwa hiyo Len alipoifuta glasi ya pili kwa kitambaa, aliifuta kwa furaha.

Mlango wa ofisi hiyo ulikuwa balaa. Maji yalikuwa yameingia ofisi ya zamani, ikabidi kocha ahamishiwe juu ya duka la jezi mwanzoni mwa msimu, kwenye chumba ambacho mlango wake ulikuwa umepinda. Ukisukuma tu haufunguki. Sharti unyanyue kitasa, uegemeze nyonga chini, kisha usukume kwa goti. Daktari wa timu mpaka leo hubisha afunguliwe. Mwandishi wa gazeti la mji aliwahi kukwama ndani, akaita watu dirishani.

Len alisikia hatua kwenye ngazi. Kitasa kikanyanyuka, kitu kikagusa ubao chini, mlango ukafunguka laini kama umepakwa siagi. Ian Hepworth akaingia huku akitabasamu.

"Mshenzi wewe!" alisema. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Kaa, Ian."

"Sikai, nataka kwanza unihurumie." Akakaa. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

"Bado anapika yale maharage?"

"Anapika."

Len alimimina mvinyo. Macho yake yalikuwa yamerudi mlangoni. Ian akanyanyua glasi, akanywa, akaanza kisa cha goti lake la kushoto na daktari aliyetaka kulipasua. Len alimwacha afike nusu.

"Huo mlango umeujulia wapi?"

"Mlango gani?"

"Huo ulioingilia. Tangu tuhamie humu timu yako haijawahi kuja hapa kabla ya leo. Mtu wa kwanza kuufungua bila kuupiga mateke ni wewe."

Ian alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaitazama glasi yake kama mtu aliyeona nzi ndani.

"Len…"

"Lini?"

"Nilidhani wamekwambia. Naapa, nilidhani wamekwambia, na nikajiuliza mbona uko mchangamfu."

"Nimekuuliza lini, Ian."

"Jumatatu. Tattersall alinileta jioni, akanionyesha uwanja, akanionyesha ofisi. Mlango ulimshinda, nikahangaika nao mpaka nikaujulia."

"Mimi walinihoji Jumanne."

Chini, vijana walikuwa wameanza kuimba bafuni, na sauti ilipanda kwenye mabomba ya ukutani.

"Kama kazi ilishakwenda Jumatatu," Len alisema, "Jumanne walikuwa wananihoji nini?"

"Unaujua utaratibu wa siku hizi. Kabla ya kuajiri lazima waonekane wamemwita na… wamewaita watu wote."

"Lazima wamemwita nani?"

"Usinilazimishe niseme."

"Sema. Hapa hakuna refa."

"Mtu mweusi mmoja," Ian alisema. "Haya. Nimesema. Si mimi niliyeutunga."

"Kwa hiyo nilikuwa karata ya kukamilisha mchezo."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Umeshusha timu mbili daraja."

"Moja! Ile ya pili niliikuta inashuka."

"Uliikuta inashuka, ukaisukuma."

Ian alicheka tena, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu hivyo ndivyo walivyoongea siku zote. Len hakucheka. Ian akasogeza kiti karibu.

"Nisikilize. Kule kwangu walikuwa wananitimua mwisho wa mwezi. Tattersall kanipigia yeye, mimi sikumpigia. Ningekataa angempigia mwingine, na huyo mwingine si mimi wala si wewe. Na sharti langu la kwanza nililompa, la kwanza kabisa kabla ya nyumba na gari, lilikuwa wewe ubaki. Msaidizi wangu. Vijana wanakupenda, Len. Watapasua ukuta kwa ajili yako."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitapanga mchezo. Tutapanga wote." Akainama mbele, macho yakawaka, ushamba ukamshinda. "Hebu niambie, ile ya kumwachia mpira beki wangu wa kulia ilikuwa ya nani? Ya yule kijana wenu wa kompyuta, anayechambua mechi?"

Hapo ndipo Len alipocheka. Alicheka peke yake mpaka Ian akaona haya.

"Ilikuwa yangu."

"Yako?"

"Unashangaa nini?"

"Sishangai. Nimeuliza tu."

"Ian, miaka minane ubavuni kwako, nani alikuwa anakwambia usimame wapi? Panda, Ian. Kaa, Ian. Mwache huyo, njoo huku. Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Gazeti lilimwita nani kichwa cha timu?"

"Gazeti si mimi niliyeliandika."

"Hukuliandika. Ulilikata ukalitia kwenye fremu. Nimeliona sebuleni kwako, juu ya televisheni."

Ian aliweka glasi chini. Uso wake mwekundu uliongezeka wekundu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Len zaidi, maana adui unaweza kumkimbia. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Unataka nifanye nini?" Ian aliuliza. "Niikatae? Ninakatwa mshahara kwa ajili ya wake wawili niliowaacha, Len."

"Sikuombi uikatae. Tattersall anakuja hapa sasa hivi kunipa pole. Mwambie hicho ulichoniambia. Kwamba sauti ilikuwa yangu. Nikimwambia mimi ananiona najisifu. Alisikie kwa mdomo wako, basi. Baada ya hapo afanye atakavyo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Nitamwambia," Ian alisema. "Mbona ni jambo dogo. Nitamwambia."

Na Len akamwamini. Hata sasa ukimwuliza, atakwambia alimwamini.

Mlango ukatikisika. Ukatikisika tena. Nje kulikuwa na mtu anayeusukuma kwa bega na kulaani. Ian akainuka, akanyanyua kitasa kutoka ndani, akagusa kwa nyonga, akamfungulia mwenyekiti.

"Huu mlango utaniua!" Keith Tattersall aliingia akihema, skafu ya klabu shingoni, mashavu yameiva kwa kinywaji cha wakurugenzi. Akamtazama huyu, akamtazama yule. "Naona mmeshaongea. Vizuri. Nafurahi. Len, ndugu yangu, nilitaka usikie kutoka kwangu."

"Umechelewa kidogo, Bwana Tattersall."

"Mechi za siku hizi, wageni, wadhamini, unajua tena. Lakini sikia: leo umetupa raha! Tatu bila! Wake zetu kule juu wamecheza ngoma. Na nafasi yako iko palepale, Ian kashaizungumzia. Tutawatangaza pamoja, wewe na yeye, mmesimama hivi." Akaonyesha kwa mikono jinsi watakavyosimama, mmoja mbele, mmoja nyuma kidogo. "Itapendeza. Watu wa hapa watapenda kukuona."

Len alimtazama Ian. Ian akakohoa.

"Keith, kuna kitu nataka ukijue kuhusu Len."

"Enhe?"

"Tulipokuwa tunacheza… watu hawajui hili. Len ndiye aliyekuwa…"

Tattersall alimgeukia taratibu, na tabasamu lake likabaki pale lilipokuwa ila macho yakaacha kutabasamu. Alimtazama Ian kama anavyotazama vigae alivyokwisha kuvilipia, vilivyogongwa njiani, akitafuta ufa. Ian aliuona mtazamo huo. Alijua kazi alipewa kwa lile jina la kichwa cha timu, na alijua ni nini kitakachopungua ndani yake akimaliza ile sentensi.

"Ndiye aliyekuwa moyo wa timu," Ian alisema. "Simba! Len akiwa chumbani, hakuna anayesinzia."

"Hamasa!" Tattersall akapiga makofi. "Nasema kila siku! Hamasa!"

Len alikichukua kizibo mezani, akakirudisha kwenye chupa, akakigonga kwa kiganja mpaka kikazama. Kisha akavaa koti.

"Mimi simo," alisema.

"Humo katika nini?" Tattersall aliuliza.

"Katika hilo la kusimama nyuma kidogo. Jumatatu msinisubiri."

"Len, kaka…" Ian akaanza.

"Wewe nyamaza. Nafasi ya kusema ulipewa."

Tattersall alishusha sauti, ikawa sauti ya baba. "Usiamue ukiwa hivi. Mpira ni kijiji kidogo, Len. Ukitoka kwa mlango huu leo, kesho klabu zote zitasikia kwamba Facey ni mtu wa hasira. Nani atakupigia simu? Nasema kwa faida yako."

"Nina hasira, Bwana Tattersall. Hilo waambie. Mmesema mengi juu yangu hapa, hilo litakuwa la kwanza la kweli."

Akanyanyua kitasa, akapita. Hakupita chumba cha wachezaji, ingawa ndiyo ilikuwa njia fupi na alikuwa na deni la kuwaaga, kwa sababu vijana walikuwa bado wanaimba na jina walilokuwa wanaimba lilikuwa lake. Alizungukia nyuma, kwenye mapipa ya taka na gari la wauza soseji. Mzee mmoja wa mlangoni alimpigia saluti ya mzaha. "Kazi ni yako, Len! Wakikunyima watakuwa wamerogwa!" Len akampungia mkono.

Mama yake, Icilda Facey, anakaa Huddersfield, katika nyumba ile ile aliyoinunua na mumewe walipotoka Jamaika wakiwa vijana. Kila Jumamosi ya ligi Len hula huko. Alimkuta amefunga aproni juu ya gauni zuri, redio imezimwa, meza imeandaliwa: wali wa nazi na maharage, kuku wa mchuzi wa kahawia, kabichi, na chupa ya pilipili. Ile keki ya matunda ambayo kwa kawaida hukaa kabatini mpaka Krismasi ilikuwa mezani pia.

"Tatu!" mama alisema. "Nimemwambia Dada Merlene, nimemwambia mchungaji. Njoo nikubusu, bosi mkubwa."

"Wamempa Ian, mama."

Mama alisimama na kijiko mkononi.

"Ian yupi?"

"Hepworth."

"Yule uliyekuwa unampigia kelele uwanjani mpaka mimi kule juu nikaona aibu? Si ndiye uliyemfunga leo?"

"Ndiye huyo."

Aliketi, polepole, kama mtu anayepima kiti kwanza. Len akamweleza: Jumatatu, Jumanne, mlango, Tattersall. Hakuficha kitu. Alipofika kwenye ile kazi ya msaidizi, mama aliinua kichwa.

"Kwa hiyo kazi ipo."

"Ilikuwepo. Nimeikataa."

"Umeikataa, Lenworth?"

"Ningefanyaje? Nimfundishe kazi yangu halafu nimwite bosi?"

"Ungekubali," mama alisema.

Len alidhani hakusikia vizuri. Njia nzima alikuwa ameyasikia maneno ya mama kichwani kabla hajayasema, umefanya vyema, mwanangu, umesimama kama mwanaume, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamemshikilia usukani.

"Unasema nini, mama?"

"Una miaka hamsini na kitu. Una kodi. Una binti chuoni. Huna hata mtu wa kukuchemshia chai. Ungekubali, ukauma meno."

"Baba alikubali!" Sauti ya Len ilipanda, na si mara nyingi ilipanda. "Kila mvulana waliyemleta kiwandani kuwa bosi wake, baba ndiye aliyemwonyesha mashine inavyowashwa. Kila mmoja! Ulimwona akirudi. Anakaa hapo ulipokaa, haongei mpaka kesho. Ndiyo unayotaka kwangu?"

"Nilimwona kabla hujamwona wewe," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Alikubali, naam. Akakubali na tena akakubali, na mimi nikafua shati lake na aibu yake pamoja. Ndiyo maana ulikula. Ndiyo maana ukapata viatu vya kuchezea huo mpira. Unadhani miguu hiyo ilinenepa kwa hasira?"

Len akavuta kiti, akakaa.

Mama akainuka, akampakulia. Wali mwingi, paja la kuku, kabichi pembeni, kama anavyompakulia tangu utotoni, bila kumwuliza. Akakata na kipande cha keki, akakiweka kwenye kisahani, akakisogeza mbele yake.

"Kula kitapoa."

Simu ya Len ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma, akaiweka mezani kando ya pilipili. Ikalia mpaka ikachoka, ikanyamaza, ikaanza tena. Mama alilisoma jina kwa miwani yake, kichwa upande.

"Ni Ian," alisema.

"Namwona."

"Pokea, Lenworth."

Len aliigeuza simu kifudifudi, akavuta sahani, akaanza kula. Mama alimtazama akila. Simu ilikuwa bado inatetemeka juu ya meza, ikisogea kidogo kidogo kuelekea sahani ya Len.